Nyumba Iliyovunjwa Ngazi

Narrawil, Victoria
Jumapili, 8 Novemba 1964

Mpenzi Merv,

Nimefika salama. Treni ilichelewa kama kawaida yake, na kutoka stesheni nilibeba sanduku langu mwenyewe, kwa miguu, kwa sababu sikutaka mtu anipe lifti halafu aniulize hali yako. Mji huu ukipanda gari la mtu, nauli yake ni habari.

Nyumba nimeikuta imejaa vumbi. Upepo wa kaskazini haujatulia tangu nilipokuja kukuona, na unaujua mlango wetu wa nyuma. Vumbi limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Nikafagia, nikapiga deki, asubuhi yake ni kama sijagusa kitu. Nikahamisha kabati la vyombo kutoka ukuta huu kwenda ule. Nikalirudisha. Sijui nina nini. Nikikaa, miguu inataka kwenda. Nikienda, nafika getini sijui nilikuwa naelekea wapi.

Ngano inavunwa. Malori yanapita mbele ya nyumba tangu alfajiri kuelekea maghalani, na kila moja likipunguza mwendo pale kona, moyo wangu unasema ni lako. Madereva wenzako wananipigia honi. Wanafikiri wananifurahisha.

Dada yako Dulcie ameniletea keki ya matunda na ushauri. Keki ilikuwa nzuri.

Ulisema, nilipokuwa nimekaa kando ya kitanda chako, kwamba muda si mrefu utapanda ngazi za mbele kwa miguu yako na magongo utawatupia kuku wakalalie. Nililisikia neno hilo. Nimelifikiria njia nzima.

Rhonda anakusalimu kutoka Adelaide. Mimba imeshika vizuri. Tutakuwa babu na bibi mwezi wa Aprili. Kula, hata kama chakula cha hospitali hakina ladha.

Wako,
Nola

*

Melbourne, wodi ya migongo
15 Novemba

Nola mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa ajili ya jirani yangu Perce. Ni mkata manyoya ya kondoo, amelazwa kifudifudi na hana cha kutazama ila sakafu. Anasema nikuambie kabati lilikaa vizuri pale pa kwanza.

Mimi naendelea. Jana nimekwenda mpaka dirishani na kurudi, kwa magongo. Buti mpya ulizoniletea Septemba zilinibana mwanzoni, sasa zimezoea mguu. Yule binti wa mazoezi ana sauti kama mchunga ng'ombe: "Twende, Trewin, twende! Mama anakusubiri nyumbani!" Wodi nzima inacheka.

Lile bati lililonitupa chini Juni, bado linapiga kelele upepo ukivuma? Liache lipige. Usipande juu ya paa, wala usimpandishe mtu. Nyumba ile imekwisha kuvunja mgongo mmoja, yatosha.

Nina ombi moja tu. Usibadilishe kitu. Hapa mtu huna pa kwenda, basi mimi nafumba macho naingia nyumbani. Napita getini, nafuata njia ya matofali, napanda ngazi za mbele, ile ya chini inalia, nafika veranda, naona koti langu nyuma ya mlango. Kisha ile korido nyembamba ambayo wewe na mimi hatuwezi kupishana bila kulipana busu. Napita jikoni. Natoka mpaka chooni kule nyuma, chini ya ule mti mkubwa wa mpilipili, naacha mlango wazi, natazama mashamba kama bwana mkubwa. Ndiyo safari yangu ya kila siku, Nola. Ukihamisha kitu hata kimoja, nitajikwaa.

Wako daima,
Merv

*

Narrawil
29 Novemba

Kaka yangu mpendwa,

Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo, linakuja.

Kuna mwanamume anaingia kwako. Ni Arvids, yule seremala Mlatvia anayekaa peke yake nyuma ya kinu cha unga na kuzungumza na paka wake kwa lugha ya kwao. Anakuja asubuhi na mapema, anaondoka jua likizama. Anapewa chai kwenye kikombe chako cha bluu. Nimeona kwa macho yangu kupitia uzio. Sikuwa nachungulia, nilikuwa nachuma nyanya.

Nikamuuliza wifi kwa upole, "Huyu Arvids anafanya nini kwako siku nzima?"

"Anagonga," akanijibu.

"Anagonga nini?"

"Vinavyogongeka, wifi."

Sasa hilo ni jibu la mtu mzima? Tena mapazia ya chumbani kwenu wifi ameyatoa. Mchana kweupe nyumba iko uchi, watu wanapita barabarani wanaona kitanda. Mimi simo. Nimekuambia tu kwa kuwa tumenyonya ziwa moja, na kwa kuwa wewe umelala huko huwezi kujitetea.

Hapa joto linaua. Kuku wangu wawili wamekufa.

Dada yako,
Dulcie

*

Melbourne
2 Desemba

Nola,

Arvids anafanya nini kwangu?

Merv

*

Narrawil
6 Desemba

Merv,

Mchwa. Wamekula sakafu ya korido, na Arvids anabadilisha mbao. Dulcie angekuandikia na hilo pia kama uzio ungekuwa mfupi zaidi.

Anakunywa kwenye kikombe chako kwa sababu vingine viwili vimepasuka. Ni mtu wa kimya. Siku nzima anasema "Tafadhali, mama," na "Asante, mama," na mara moja alisema kwamba kwao, wakati huu wa mwaka, theluji inafika dirishani. Nikamwambia sogea kivulini kabla hujayeyuka.

Joto hili linanitia wazimu. Mashamba yamebaki mabua matupu, na jana moto uliwaka ng'ambo ya reli. Wanaume waliuzima kwa magunia yaliyolowa, lakini moshi umekaa juu ya mji kama mgeni asiyeaga. Jioni natembea. Natoka mpaka makaburini, nazunguka ghala, narudi. Mbwa wa watu wamekwisha kunizoea, hawabweki tena.

Niandikie habari za miguu yako, Merv. Habari kamili. Nami nitakuandikia habari kamili za sakafu.

Nola

*

Melbourne
13 Desemba

Nola,

Habari kamili ndizo hizi: natembea mpaka bustanini. Siku njema sishiki ukuta. Krismasi sitaweza kuja kwa sababu kuna mafua wodini na daktari hataki mtu asafiri. Ni hilo tu.

Na sakafu ile niliipigilia mimi pamoja na marehemu baba yako. Ni mti mgumu kama chuma. Mchwa wa kuula hajazaliwa.

Mtu akilala chali siku nzima anakuwa na muda wa kufikiri. Kama una jambo, liseme.

Merv

*

Narrawil
20 Desemba

Kaka yangu,

Nimeketi chini kuandika haya.

Ngazi zako za mbele hazipo. Yule Mlatvia amezivunja kwa nyundo, vipande amevirundika karibu na tangi la maji kama kuni. Mlango wa mbele umeng'olewa, umelala kwenye nyasi. Ukuta kati ya chumba chenu na chumba cha zamani cha Rhonda umetobolewa tundu la kupitisha farasi. Nilipomuuliza yule mtu, "Nani amekuruhusu kuvunja nyumba ya kaka yangu?" akavua kofia, akasema, "Mama Nola," akaendelea kuvunja.

Na sasa sikia hili. Jana nilikuwa stesheni kupokea mzigo wangu wa vifaranga, na nani namwona kwenye jukwaa? Wifi. Amevaa kofia yake ya kanisani, mkononi ana sanduku, na treni iliyosimama ni ya Adelaide.

Nikamwita, "Nola! Unakwenda wapi?"

Akasema, "Sijui, Dulcie."

Akapanda. Sijui, Dulcie! Mpaka naandika hivi hajarudi, na kuku wake wanaingia sebuleni bila kupiga hodi.

Kaka, nilikuambia tangu zamani yule mwanamke hana makalio ya kukaa. Samahani, lakini ukweli hauna lawama.

Dulcie

*

Melbourne
24 Desemba

Nola,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Naituma nyumbani kwa kuwa sina anwani nyingine yako, na nyumbani penyewe naambiwa hapana mlango wa kuiingizia.

Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja. Nilikuomba pale mahali pabaki palivyo, kwa sababu ndipo mahali pekee ninapoweza kwenda. Nawe umeniachia tundu la kupitisha farasi.

Basi uza. Uza mabati, uza kuku, uza na huo mpilipili kama yuko mwenye kuutaka. Mimi sirudi Narrawil. Kuna nyumba huku mjini ya kuwatunza waliopigana vita, na Perce anasema tutapata vitanda viwili vilivyo jirani. Wewe nenda Adelaide kwa Rhonda, au nenda nyuma ya kinu ukaongee na paka. Mchukue Mlatvia wako. Yeye angalau ana miguu.

Nakutakia Krismasi njema. Hapa wametuvalisha kofia za karatasi.

Mervyn Trewin

*

Narrawil
30 Desemba

Merv,

"Yeye angalau ana miguu." Asante. Hilo ndilo neno la kwanza la kweli ulilonipa tangu ulipoanguka kutoka kwenye paa.

Nilijua. Nilijua tangu nilipokuja Novemba. Ulipochukuliwa kuoshwa nilivuta buti zako kutoka chini ya kitanda nizipige rangi, nikazipindua. Soli zilikuwa safi kama sahani. Alama ya chaki aliyoandika mwenye duka siku nilipozinunua ilikuwa bado ipo. Nimezishika, nimesikiliza magurudumu yako yakirudi kutoka bafuni, na wewe umeingia unacheka, unaniambia, "Leo nimefika mpaka mlangoni, Nola." Nikazirudisha chini ya kitanda. Nikasema vizuri sana, mpenzi. Huko nje nikamuuliza muuguzi mkuu, naye akatazama sakafu, nikawa nimejibiwa.

Nikasubiri uniambie. Kila barua nimeifungua kwa kisu cha mkate nikiwa nimesimama, nikisema leo ndiyo leo. Nikapata dirisha. Nikapata bustani. Nikapata mafua!

Sasa habari kamili za sakafu. Ngazi zimevunjwa kwa sababu hutazipanda. Mahali pake kuna mteremko wa mbao, mrefu, unaopinda kando ya veranda ili usiwe mkali, na Arvids ameusugulia mchanga usiteleze. Korido imepanuliwa, ndiyo, tumeuchukua ukuta. Mlango wa mbele aliung'oa aupanue, nao umekwisha kurudi. Choo sasa kiko ndani, chumbani kwa Rhonda, na tundu la farasi ni njia yako ya kukifikia bila kumwomba mtu. Nilitaka uje ukute kimekwisha. Nilifikiri kama sitakulazimisha kulisema jambo hili, basi nyumba itakusemea, na sisi sote wawili tutaendelea na chai. Huo ndio ujinga wangu. Wako unaujua mwenyewe.

Na kuhusu treni. Dulcie hakusema uongo. Asubuhi ile niliamka, nikaona nyumba imepasuliwa, vumbi limetanda kila kona, na barua yako ya bustani iko mezani, nikavaa kofia. Sikuwa nakwenda kwa Rhonda. Sikuwa nakwenda kwa mtu. Nilikata tiketi ya mwisho wa reli, nikakaa dirishani, na Merv, nilijisikia vizuri. Usinielewe vibaya wala usinielewe nusu. Mabua yalikuwa yanapita, vijiji vinapita, hakuna mtu ananijua, na mimi nilikuwa mwepesi kama karatasi. Mpakani wanabadilisha injini. Nikashuka kunywa chai. Treni ikapiga filimbi na mimi nikabaki nimeshika kikombe, naitazama inaondoka na gazeti langu kwenye kiti. Sanduku nilikuwa nimeshuka nalo. Ndipo nikajua kwamba mkono wangu ulikwisha kuamua kabla yangu. Nililala kwa mwenye hoteli, nikarudi kesho yake.

Nimerudi, lakini usifikiri nimerudi nikiwa mpole. Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma.

Na Arvids ana umri wa miaka sabini, mtu wangu, na paka wake ana adabu kuliko dada yako.

Nola

*

Melbourne
9 Januari 1965

Nola,

Kuanzia kitovuni kwenda chini hakuna kitu. Si maumivu, si ganzi, hakuna. Juzi nilimwaga chai ya moto juu ya paja nikaitazama inafuka moshi kama inamwagika kwenye mguu wa mtu mwingine. Daktari alinieleza Agosti. Nilimwambia, "Mke wangu nitamwambia mwenyewe." Nilikuwa nasubiri siku nzuri. Siku nzuri zote nilizitumia kwa uongo.

Kuhusu Arvids nisamehe. Mwambie nimesema hivyo, au usimwambie, kama hajui nilichomfikiria.

Lakini kuja, hapana. Mimi nilikuwa mtu wa barabara. Nyumba kwangu ilikuwa mahali pa kurudi, si mahali pa kukaa. Wewe umenijengea nyumba ya kukaa. Nitawekwa pale kama kabati, na wewe utanihamisha kutoka ukuta huu kwenda ule, mwisho siku moja utavaa kofia na safari hiyo hutashuka kunywa chai. Afadhali usingoje mpaka siku ya kunikimbia. Panda sasa.

Merv

*

Narrawil
15 Januari

Merv,

Nimekusikia. Sikubembelezi.

Mteremko umekwisha, umekauka rangi. Machi nakwenda Adelaide kwa Rhonda, uwepo usiwepo. Kati ya leo na Machi kuna Februari. Nimezungumza na wenye gari la wagonjwa; wanakuja Melbourne tarehe kumi, na wana nafasi ya mtu mmoja. Kama hutaki kuwemo, mwambie dereva mwenyewe, uso kwa uso, mimi sitakuwa mjumbe.

Nola

*

Narrawil
11 Aprili 1965

Kwa Nola, Adelaide

Wifi,

Mimi si mtu wa kuomba radhi, na hilo unalijua, kwa hiyo tusipotezeane muda.

Uliniachia ufunguo na maneno mawili, "Mwangalie, Dulcie," ukaondoka na masanduku mawili. Mawili. Nimeyafikiria hayo masanduku. Mtu anayekwenda kumpokea mjukuu habebi koti la baridi na picha ya mama yake. Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nina macho.

Najua yalivyokuwa wiki zile tangu gari lilipomshusha. Ukuta wangu ni mbao kama wako, na nilisikia. Nilisikia sahani zikipasuka. Nilisikia ukimwambia, "Toka nje walau uone kilichojengwa," naye akikujibu, "Kilichojengwa ni jeneza lenye veranda." Kama mume wangu marehemu angeniambia hilo, ningempelekea uji kwa manati.

Sasa sikiliza. Umeondoka, na mimi nikaingia kumtunza. Nikamletea supu, akasema hana njaa. Nikafungua pazia, akalifunga. Nikamwambia, "Kaka, mke wako alivunja nyumba nzima kwa ajili yako, na mimi nilimwita malaya kwa kila mtu pale duka la nyama. Sasa mmoja wetu inabidi aoge." Akanitazama. Halafu akacheka, wifi. Mara ya kwanza. Alicheka mpaka akakohoa, na akaniambia niondoke.

Tangu siku ile ananifungia mlango. Lakini anajipikia. Naona moshi, nasikia harufu ya kuungua, anatukana sufuria. Mimi nakaa upande wangu wa uzio, ingawa nyanya zimekwisha na sina kisingizio.

Duka la nyama nimekwisha kuwaambia ukweli. Hawakufurahi hata kidogo. Ule uongo walikuwa wameuzoea.

Mwambie Rhonda asinyanyue vitu vizito.

Dulcie

*

Narrawil
Jumapili, 25 Aprili

Nola,

Simu ya maandishi ya Rhonda imefika Ijumaa. Mvulana! Nimekaa nayo mkononi mpaka chai ikapoa. Nimemwambia Dulcie kupitia uzio, akalia kwa sauti, kuku wakakimbia.

Siandiki kukuomba urudi. Nataka uwe na habari, na habari zangu safari hii zina vumbi la kweli.

Leo ni Siku ya Anzac, siku yetu sisi tuliopigana. Tangu tulipotoka vitani sijawahi kukosa maandamano, na leo asubuhi nililala nikisikia mwenye ngoma anajaribu ngoma yake kule ukumbini, nikasema hayanihusu. Kisha nikaona nimeshavaa. Sijui ilikuwaje. Nilikuwa na medali kifuani na soksi mbili tofauti.

Nikatoka. Mlango unapita vizuri, Nola. Niliushuka mteremko wako kwa mara ya kwanza bila mtu nyuma yangu, mikono imeshika magurudumu mpaka viganja vikachubuka, na pale unapopinda nilifikiri nakwenda kutua kwenye tangi. Sikutua. Nikafika getini. Nilikaa pale kidogo kama mwizi anayesikiliza kama wenye nyumba wameamka. Nikaingia barabarani.

Barabara ile nimeipita maelfu ya mara nikiwa juu ya tani za ngano, nikidhani ni tambarare. Si tambarare. Ina mlima. Watu wa halmashauri wamemwaga changarawe mpya, na katikati ya kona magurudumu yakazama, nikakwama. Mbele siendi, nyuma sirudi. Nzi wamenijaa usoni na mikono yote miwili ina kazi. Dulcie hayupo, yuko ukumbini anapanga vikombe. Nikasema sawa, Trewin, hapa ndipo utakapokaushwa.

Ndipo nikasikia ngoma. Maandamano yanakuja upande wangu, bendera mbele, wazee wote wa mji wamevaa suti, na mimi niko katikati ya njia kama ng'ombe. Wakafika. Wakasimama. Ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Wengine waliangalia viatu. Hawa ndio wanaume waliokuja kuniona mara moja tu tangu nirudi, wakakaa ukingoni mwa kiti, wakaondoka.

Les Prewett wa baa akasogea. Akasema, "Trewin, unaongoza au unazuia?"

Nikasema, "Nazuia."

"Unazuia kwa muda gani? Bia inapata moto."

"Mpaka mtu aje asukume, mjinga wewe."

Wakacheka, Nola. Kila mtu akacheka, hata mchungaji, kicheko cha watu walioshikilia pumzi tangu Februari. Les akashika nyuma, na mtoto wa Hannaford akashika upande mmoja, na nikaingia ukumbini nyuma ya bendera. Kwenye dakika ya kimya sikuwakumbuka waliokufa. Mungu anisamehe. Nilikuwa nakukumbuka wewe mpakani, umeshika kikombe, treni inaondoka.

Nilisema umejenga jeneza. Kurudi walinisukuma mpaka getini tu; kutoka hapo niliwakataza, nikaenda peke yangu. Kupanda ule mteremko kulinichukua muda mrefu. Nilipumzika pale kwenye mpindo, nikiwa nimetazama barabara, na nikaona kwamba ukikaa pale unaona malori yote, yanayokuja na yanayokwenda, mbali kabisa mpaka reli. Sikujua kama uliupindisha hapo kwa makusudi. Nimemuuliza Arvids, alikuja jioni na paka wake kuangalia kama mbao zimestahimili. Akasema, "Mama Nola alikaa hapa kwenye kiti siku nzima kabla ya kuniambia nianze."

Sina la kuongeza. Nimeunguza nyama ya kondoo tena, na nimeila.

Ukitaka kukaa huko, kaa. Usirudi kwa huruma, hiyo nimeshiba. Ukitaka kuja, njoo kwa sababu nyingine yoyote.

Merv

*

Adelaide
Jumapili, 2 Mei

Merv,

Mtoto ana masikio yako, masikini. Ana afya. Rhonda analala na mimi naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Ni kweli nilibeba masanduku mawili. Dulcie amekwisha kuniuliza bila kuniuliza. Wiki iliyopita nilikwenda kuangalia chumba cha kupanga karibu na bahari; kilikuwa kizuri, kina dirisha. Nilimwambia mwenye nyumba nitamjibu. Barua yako ilikuja kesho yake. Nimeisoma, nikakunja nguo, nikazikunjua, nikaenda kutembea ufukweni mpaka viatu vikajaa mchanga.

Nakuja Jumamosi. Si kwa huruma, kwa sababu huruma mimi pia iliniisha, nadhani siku ya sahani. Nakuja kwa kuwa nataka kuona uso wa Les Prewett unaposimulia hayo mbele yake. Na nataka tuelewane mapema: posta wanatafuta mtu wa asubuhi, nami nimekwisha kuwaandikia. Sitakaa nyumbani kukutazama, wala wewe hutakaa kunisubiri. Na mara kwa mara nitapanda treni, nitakwenda ninakokwenda, na nitarudi. Kama unaweza kuishi na mwanamke wa namna hiyo, sema.

Usiseme kwa barua. Treni inaingia saa nne asubuhi, na kwa kawaida inachelewa. Njoo stesheni unipokee, wewe mwenyewe, usimtume Dulcie. Changarawe ikikushika njiani, kaa hapo hapo. Nitakuja na masanduku yangu nikukute.

Nola